Upepo wa Saa Tisa

Likizo ya mwaka wangu wa pili chuo kikuu nilikwenda kukaa kwa kaka, kwenye shamba la ngano la serikali, Hanang. Alikuwa golikipa wa timu ya shamba. Walimtoa kwetu Maretadu, wakampa mshahara na nyumba ya bati, na kazi yake ilikuwa kudaka. Wazungu wa karakana, waliotoka nchi ya barafu, hawakuona ajabu. Kwao, walisema, watu wazima hulipwa kugombania kisahani cha mpira kwa fimbo juu ya barafu. Mimi niliona ajabu. Katika nchi ya wakulima na wafanyakazi, kaka alikuwa nani?

Msimu ule walifungwa nyumbani na ugenini. Meneja wa shamba akawaambia wazi kwamba wakishuka daraja, hatalisha wachezaji. Ikabaki mechi moja, nyumbani. Sare ingetosha. Shemeji, mwenye mtoto mchanga, aliacha kupanda mboga nyuma ya nyumba.

Uwanja ulikuwa katikati ya ngano, bila mti wala ukuta. Pale upepo huzidi kadiri mchana unavyokwenda, saa tisa unakuwa mkali, kisha hutulia jua likiinama. Mechi zao zilianza saa kumi. Nahodha akishinda kura ya shilingi, alichagua kucheza na upepo mgongoni kwanza, na kipindi cha pili kilikuwa shwari. Lakini sasa ilikuwa mavuno, na meneja alitaka madereva warudi kwenye kombaini kabla umande haujashuka. Akaisogeza mechi hadi saa nane.

Nilimfuata kocha.

"Shikamoo, kocha. Leo mkishinda kura, mtachagua upepo?"

"Marahaba. Tunachagua upepo kwanza tangu timu ianze."

"Mlikuwa mnaanza saa kumi. Leo kipindi cha pili kitaangukia saa tisa."

"Jamani, msomi amekuja kutufundisha hewa!" Wachezaji wakacheka. Kaka hakucheka. Aliinua macho kwenye bendera ya kona, akavaa glavu.

Walishinda kura, wakachagua upepo. Kufika mapumziko tulikuwa tunaongoza bao moja, na kocha akanipungia mkono kutoka ng'ambo ya uwanja.

Kipindi cha pili makapi ya ngano yalitupiga usoni. Kaka alipiga mpira wa goli kwa nguvu zake zote. Ukapanda, ukasimama hewani, ukaanza kurudi. Beki akautoa kwa kichwa, ikawa kona. Kona ikaingia.

"Golikipa, piga kwa mkono!" wageni walizomea. "Au mwite shemeji akupigie!"

Shemeji alikuwa amesimama nami, mtoto mgongoni. "Sare inatosha, si ndiyo?" aliniuliza.

"Inatosha."

"Zimebaki dakika ngapi?"

Sikuwa na saa. Kaka aliacha kupiga mbali, akawa anatoa pasi fupi kwa mabeki, na kwa muda nilidhani tumepona. Kisha winga wao akapiga krosi ya kawaida kabisa. Kaka alitoka kuifuata. Upepo ukaivuta juu ya mikono yake, ikadunda mara moja, ikaingia golini. Refa alipopuliza filimbi ya mwisho, kaka alikuwa bado amepiga magoti.

Meneja hakusubiri hata wageni wapande lori lao. Aliwapanga wachezaji kwenye mstari wa goli.

"Timu imekwisha. Nyumba ni za wafanyakazi. Anayejua kuendesha trekta anyooshe mkono, aanze kesho asubuhi. Wengine warudi kwao."

Mikono miwili ilinyooka, ya watu waliokuwa madereva kweli. Kisha ukanyooka wa tatu, bado una glavu.

Shemeji alinishika mkono. "Anajua?"

Kaka hakuwahi kuendesha hata baiskeli.

"Wewe," meneja alimwambia. "Trekta gani?"

"Yoyote, mzee," kaka akajibu.

 Meneja akatoa funguo mfukoni na kuashiria trekta lililoegeshwa nyuma ya goli.

"Haya. Panda nikuone."