Slaidi Iliyobaki Mfukoni

Maabara nzima walimwita Jicho. Kwa miaka ishirini na sita aliinamia darubini akisaka vimelea vya malale kwenye damu za watu, na daktari akishaona sahihi yake hakuuliza zaidi. Sifa hizo zilimpanda kichwani, tusidanganyane.

Tatizo ni kwamba malale ni ya aina mbili, ya polepole na ya haraka, na dawa zake ni tofauti. Vimelea vyenyewe, hata uvikodolee macho mpaka machozi yakutoke, vinafanana kama shilingi kwa ya pili. Basi maabara ilijiwekea mazoea: mgonjwa anaulizwa anapoishi. Wa mtoni aliandikiwa polepole, wa mbugani haraka. Kaka yake Jicho aliishi mtoni. Alipewa dawa ya polepole na mwezi haukuisha, akafa.

Mwaka wa tisa baada ya msiba ikaletwa mashine ya kupima vinasaba, inayotambua kimelea ni cha aina gani. Mkuu wa maabara akaagiza slaidi za zamani, vile vioo vyenye damu iliyokauka ya wagonjwa, zikwanguliwe na kupimwa upya. Jicho akazikwangua mia na tatu. Moja, ya kaka yake, akaitia mfukoni.

Alizunguka nayo siku tatu. Kaka alikuwa dereva wa lori la ng'ombe, kila wiki yuko mbugani. Jicho alilijua hilo siku ile ile aliyojaza fomu, lakini fomu iliuliza makazi tu, naye akaandika makazi. Siku ya nne akaipima. Jibu likatoka: haraka.

Akaenda kwa wifi yake, mjane wa kaka, akamkuta anapiga pasi. Akamweleza habari ya slaidi na dawa akiwa amesimama.

"Mimi nilikaa naye ndani wiki mbili nikidhani ni homa tu," wifi alisema. "Miaka yote nimejua nimemuua mimi. Na wewe ukija hapa unanipa pole."

"Nisamehe, wifi."

"Ulijua anakwenda mbugani?"

"Nilijua."

Wifi akaisimamisha pasi, akachomoa waya.

"Wanangu hawajanisemesha vizuri tangu tumzike baba yao. Wanarudi saa kumi. Utakaa hapo, shangazi yao, uwaambie kwa mdomo wako."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Jicho akavuta kiti, akakaa.