Protini Yenye Mkia wa Mafuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Namanyere midomo imenikauka kwa upepo wa Ufipa, nina begi moja na barua ya ajira mfukoni. Natokea Mbeya, kwa hiyo nilidhani baridi naijua. Mkuu wa shule alisoma barua, akafungua kabati, akanipa daftari gumu lenye jalada lililochanika.

"Hizi ni nukuu za somo la Baiolojia," akasema. "Aliyekuwepo kabla yako alizitumia, na wa kabla yake pia. Zinafaulisha. Usituletee ubunifu hapa."

Sikuleta ubunifu. Ninyi walimu vijana mnaopita hapa kwangu Mazwi kunisalimia huwa mnaniuliza kazi ilikuwaje zamani. Ilikuwa inachosha, basi. Mwanzo wa mwaka unajaza azimio la kazi, mpango wa mwaka mzima. Kila jioni unaandika andalio la somo, mpango wa kipindi kimoja. Kesho yake unamwaga ubaoni yale yale ya daftari mpaka vumbi la chaki likuingie puani. Tulifundisha kwa Kiingereza, lakini mtoto akikwama kweli aliuliza kwa Kiswahili, na hapo ndipo mwalimu anapojulikana kama mwenyewe ameelewa. Nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini na kitu. Kinachoninyima raha mpaka leo ni swali moja tu, na binti mmoja aliyeacha shule kwa sababu ya kalamu yangu nyekundu.

Nilikuwa nimehamishiwa shule moja ya bweni mjini Sumbawanga, kufundisha kidato cha tano na cha sita. Binti mwenyewe aliitwa Skolastika, Mfipa wa Mtowisa, kule bondeni. Alikuwa mpole, ila akishika jambo haliachii.

Siku hiyo nilikuwa nafundisha utando wa seli. Seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Protini ndizo zinazofanya kazi nyingi za seli, na baadhi yake hukaa zimejishikiza kwenye utando huo. Skolastika akasimama.

"Samahani, mwalimu. Maji na mafuta hayakai pamoja. Sasa protini inayopenda maji inashikwa na nini pale kwenye mafuta?"

Daftari langu lilikuwa na njia mbili. Protini ama inapenya ndani ya utando, ama inashikiliwa juu yake kwa mvutano wa chaji za umeme. Nikamsomea zote mbili.

"Na kama protini yenyewe imefungwa kipande cha mafuta?"

"Nani aifungie?" nikamuuliza. Darasa likacheka, na mimi nikafurahi kwamba limecheka. "Kaa chini, Skolastika."

Alikuwa ameingiza mkono ndani ya begi lake. Akautoa mtupu, akakaa.

Mtihani wa mwisho wa mwaka niliutunga mwenyewe kutoka kwenye lile daftari, na mwongozo wa kusahihishia nao nikautoa humo humo. Swali mojawapo lilisema: eleza njia moja inayoshikiza protini kwenye utando wa seli. Skolastika alijaza ukurasa mzima. Aliandika kwamba kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ndani ya seli, ambacho huchukua asidi ya mafuta na kuiunganisha na protini nyingine. Protini hiyo inapata mkia wa mafuta kama kondoo, mkia unazama kwenye utando, na protini inabaki pale pale. Kwenye mwongozo hakukuwa na mkia wala kondoo. Nikampa sifuri.

Shule ile ilikuwa na wastani wa kuvuka kwenda kidato cha sita. Asiyeufikia mzazi anakuja kumchukua. Skolastika alipungukiwa alama nne, na swali lile lilikuwa la alama kumi. Mkuu wa shule, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaniita ofisini na karatasi ikiwa mbele yake.

"Mwalimu, huyu kwenye Kemia ni wa pili. Hapa umempa sifuri. Una uhakika?"

"Nina uhakika, mkuu."

"Hakuna kitabu kingine cha kuangalia?"

"Mwongozo uko wazi, mkuu."

Sikuwa na uhakika. Nilikuwa nimechoka, mezani nina rundo la karatasi halijaguswa, na yule binti alikuwa ameniudhi mbele ya darasa. Hakukuwa na sababu nyingine, na nimejitafutia nyingi sana tangu wakati huo. Baba yake alikuja na lori kutoka Mtowisa, akapakia tranka, akanishika mkono na kunishukuru kwa kumlea mwanawe. Nilimwitikia.

Miaka ikaenda. Nikapandishwa kuwa mkaguzi, nikawa nazunguka shule za mkoa kukagua maandalio ya wenzangu. Katika mafunzo kazini fulani mwezeshaji alikuwa kijana kutoka chuo kikuu. Akachora utando ubaoni, akachora protini, kisha akaivutia mkia mrefu. Nikaacha kuandika.

Akaeleza kwa utulivu kabisa. Kuna vimeng'enya vinavyofunga asidi ya mafuta kwenye protini. Vingine huifunga mapema, protini ikiwa bado inatengenezwa, na mkia huo kwa kawaida haufunguliwi tena. Vingine huifunga baadaye, halafu kimeng'enya kingine hupita na kuifungua, na protini inaondoka kwenye utando mpaka ifungwe tena. Ikikosa mkia wake, protini ya namna hiyo haifiki inakotakiwa na kazi yake inalala.

"Hili limejulikana tangu lini?" nikauliza.

"Zamani, mzee wangu. Lipo vitabuni."

Sikunywa chai ya saa nne siku ile. Nilikwenda moja kwa moja kwa afisa elimu, bosi wangu, nikamsimulia yote, hata niliyosikia kwamba binti sasa ana familia yake huko huko Mtowisa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, sasa unataka nifanye nini? Nimrudishe bwenini mama wa watoto watatu?"

Jibu lake lilikuwa na maana, na mimi nikajificha nyuma yake mpaka nilipostaafu. Niliogopa. Nimekagua mamia ya walimu, nimewaandikia makosa yao kwa mwandiko mzuri, na la kwangu sikuliandika popote.

Kustaafu kuna ubaya wake: unapata muda wa kukaa na mambo kama hayo. Msimu huu wa mavuno nikaona yatosha, nikapanda gari la Mtowisa. Tuliteremka ule mteremko breki zikinuka, koti nikalivua njiani kwa joto. Nilimkuta Skolastika uwanjani kwake anapepeta mpunga, kichwa kimeanza mvi. Alinitambua kabla sijajitaja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Nikasema pale pale nimesimama, maana ningengoja nisingesema. "Lile swali la mtihani, ulikuwa umelipata. Kimeng'enya, mkia wa mafuta, yote. Mimi ndiye niliyekosa. Nimekuja kukuomba radhi."

Akaweka ungo chini, akajipangusa makapi mikononi.

"Nilijua, mwalimu. Sista mmoja muuguzi alikuwa ameniazima kitabu. Siku ile darasani nilikuwa nacho ndani ya begi, ukurasa nimeukunja ili nikuonyeshe."

"Sasa kwa nini hukukitoa?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Uliniambia nikae chini."

Akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakifuta vumbi kwa upande wa kanga yake na kukiweka kivulini.

"Haya, kaa, mwalimu," akasema. "Umetoka mbali."

Nikakaa.