Kwenda Kajiado Kununua Ploti Aliyopanga Mke Wangu

Mke wangu, Mama Zawadi, alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu. Kila msimu alivisindikiza hadi Kajiado, nchini Kenya, na huko alipanga chumba kwenye ploti, yaani uwanja wenye vyumba sita vya kupangisha, ya mama mmoja aitwaye Mama Njeri. Akirudi kwetu Kinyangiri, Singida, aliniambia vyumba vile sita havikai bila watu hata wiki moja. "Baba Zawadi, siku moja tutavinunua," alisema. Mimi nilicheka tu.

Mwaka jana alifariki. Baada ya matanga Mama Njeri alinipigia simu ya pole, na katika maongezi akasema anauza ploti yake ahamie kwa mwanawe. Nilipokata simu nilivitaka vyumba vile. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kutamani kitu.

Nikauza mashine yetu ya kukamua alizeti, mali pekee kubwa tuliyokuwa nayo. Yohana, kaka wa marehemu, alikuja kunicheka.

"Shemeji, wewe ukawe landilodi wa kudai kodi Kenya? Hapa hata banda la kuku limekushinda."

"Ndiyo maana naenda mbali. Huku mnanijua."

Alicheka sana, kisha akawa mpole. "Lakini ukikosea shemeji, mashine huna na nyumba huna."

Hilo lilikuwa kweli, na nililibeba njia nzima pamoja na chupa mbili za asali.

Kutoka Kinyangiri nilipanda gari la asubuhi hadi Singida Mjini, na stendi nikapata basi la Arusha. Tulipoiacha miamba ya kwetu, mlima Hanang ukatokea umevaa wingu. Mama Zawadi alinisimulia mlima ule mara nyingi, nami nikawa namwitikia tu nikifunga kamba za jembe la ng'ombe. Sasa nilibandika uso kwenye kioo kama mtoto. Abiria wa pembeni aliniuliza kama ni safari yangu ya kwanza. Nikasema ndiyo, na sikuona aibu.

Arusha nililala. Kesho yake, Namanga, nilivuka mpaka kwa miguu, kutoka dirisha moja la uhamiaji hadi jingine. Pasipoti yangu ilikuwa mpya kiasi kwamba kurasa zilikuwa zimegandana. Upande wa pili hewa ilikuwa ileile na vumbi lilelile, ila watu walitembea kama wamechelewa.

Kajiado nilipokewa na dalali wa Mama Njeri, kijana mchangamfu aitwaye Mutua. Alinipeleka moja kwa moja kwenye ploti. Vyumba sita vya mawe vinatazamana, uani kamba za nguo, nyuma tangi la maji na vyoo viwili. Mama Njeri alinishika mikono yote miwili, akanionyesha mlango wa tatu. "Hapa ndipo alikuwa anakaa."

Chumbani mle sasa anakaa Atieno, fundi cherehani. Alinikaribisha, akasogeza vitambaa nikae. Sikukaa sana. Nilisimama mlangoni nikatazama dirisha alilokuwa akilisema mke wangu, lile la jua la asubuhi. Lilikuwepo.

Mutua alitaka twende kwa wakili siku ileile. Alieleza kwamba mgeni Kenya hamilikishwi ardhi milele, hupewa miaka tisini na tisa.

"Mimi nina hamsini na nane," nikasema. "Nadhani itanitosha."

"Basi mzee tumemaliza! Hati iko, ramani iko."

"Bado majirani."

"Majirani wa nini?"

Nikamweleza. Kwetu shamba haliuzwi mpaka majirani wa pande zote waitwe, kila mmoja asimame kwenye mpaka wake, aseme kwa sauti kwamba kwake kunaishia hapa. Mutua alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wangu, hii ni mji! Hapa mtu hajui hata jina la jirani."

Sikubishana naye. Kesho yake asubuhi nikaenda mwenyewe kupiga hodi. Mbele ni barabara. Upande mmoja duka, upande mwingine kanisa, na wote wakasema watakuja. Nyuma nikamkuta Mzee Lemayian, amekaa na redio.

"Shikamoo mzee."

Alizima redio. "Marahaba. Wewe si wa hapa."

"Natoka Singida. Nataka kununua kwa Mama Njeri, naomba uje usimame kwenye mpaka wako."

Alinyanyuka. "Tangu wajenge hapo hakuna aliyeniita." Akachukua fimbo yake.

Wa duka na wa kanisa walipokwisha kusema mipaka yao, mzee akaingia uani, akapita tangi, akasimama mbele ya vyoo, upande wa vyumba. Akachomeka fimbo chini. "Kwangu kunaishia hapa."

Vyoo vyote viwili vilikuwa kwake. Mutua akafungua ramani, akaikunja, akaifungua tena. Tukafukua kidogo na jiwe la mpaka likaonekana, pale pale kwenye fimbo. Mama Njeri alikaa kwenye ngazi. "Marehemu mume wangu ndiye alijenga," alisema taratibu. "Nilijua tuna ugomvi na mzee. Sikujua ni huu."

Atieno alikuwa mlangoni na mkasi mkononi. "Sasa mzee, vyumba sita bila choo? Tuhame?"

Wote wakanitazama mimi. Nilivitaka vyumba vile kuliko kitu chochote duniani. Nikasema nililokuwa nalo: "Siwezi kununua kwa Mama Njeri kitu cha Mzee Lemayian. Lakini kilicho chake nakitaka, leo hii."

Mama Njeri akanyanyuka kwenye ngazi. Akasema atapunguza bei, ili choo kipya kijengwe ndani ya mpaka, pale palipokuwa na kuni. Nikamgeukia mzee, nikamwomba wapangaji watumie vile vya zamani mpaka kipya kiishe.

"Watumie," akasema. "Ningeulizwa zamani, ningekubali zamani."

Mpima ardhi alikuja, wakili akahakiki hati, tukatia saini. Nilipokabidhiwa funguo nilizihesabu mara mbili kwa furaha. Wapangaji wote walibaki. Mutua alibeba chupa moja ya asali, akasema safari ijayo yeye mwenyewe ataulizia majirani kabla mteja hajamuuliza. Chupa ya pili nilimpelekea Mzee Lemayian.

Njiani kurudi, kati ya Babati na Singida, nilijikuta namsimulia Mama Zawadi kimoyomoyo, kama yeye alivyokuwa akinisimulia. Nilichojifunza si kikubwa. Nilikwenda nikidhani mimi ndiye mjinga wa safari ile, nikiogopa kusema tunavyofanya kwetu. Afadhali nilisema. Mtu asiyejua mambo ya mji bado anaweza kuuliza swali lake hadi lijibiwe.

Yohana alikuwa kwangu Kinyangiri simu ya Atieno ilipoingia. Nikaweka sauti asikie.

"Landilodi! Choo kimekwisha. Tumekifungua leo."

"Mungu asifiwe. Nani kakifungua?"

"Mzee Lemayian. Alisema anakuja kuangalia mpaka tu. Sasa amejifungia humo na redio, sisi tuko foleni!"