Ntumba za Mama Vicent

Sitaki mtu aje kuniambia kwamba Mama Vicent ni mtu mwema. Najua hakosi misa ya kwanza. Najua alimuuguza mama mkwe wake miaka mitano bila kunung'unika. Lakini mimi nimekaa naye jirani hapa Kizwite miaka kumi na tisa, na nasema yule mama ana roho ngumu. Nitawaeleza alichonifanyia, halafu mseme wenyewe.

Jina lake la ubatizo ni Rozina. Ni mjane. Shamba lake linaanzia nyuma ya banda langu na kushuka hadi kijitoni, na analilima kwa jembe la mkono, Kifipa kabisa. Mvua za masika zikiwa bado zinanyesha anakata majani pamoja na udongo wake, anayageuza na kuyafunika, anajenga vichuguu vya mviringo vinavyokufika magotini. Ndizo ntumba hizo. Majani yanaoza humo ndani mpaka mvua za mwaka unaofuata, kisha anazibomoa, anausambaza ule udongo mweusi na kupanda ulezi. Mbolea ya dukani anaitia kwenye mahindi tu. Kwenye ulezi hataki hata kuisikia, eti inaua udongo. Ukitupa kifuko cha nailoni shambani mwake atakufuata nacho mpaka mlangoni kwako.

Mimi ni Isdori, Baba Rahel. Natengeneza redio na televisheni, na ninauza gemu. Si hizo mpya zinazotaka intaneti, hapana. Ninauza PS2, zile nyeusi nyembamba, ambazo kiwanda kiliacha kuzitengeneza zamani. Vijana wa mjini wananicheka, wao siku hizi wanachezea kwenye simu. Wacheke tu. Mashine iliyozeeka ina soko lake, na soko lenyewe halipo pale inapochekwa. Anayeinunua ni yule ambaye mwaka ilipotoka hakuwa na umeme. Leo ana nguzo mlangoni, au ana sola, na ana televisheni ya kichogo aliyoachiwa na shemeji yake. Huyo hakuulizi mashine ina miaka mingapi. Anakuuliza kama inasoma flashi, na kama gemu ya mpira ina majina ya wachezaji wa mwaka huu. Majina tunabandikiwa na jamaa mmoja Mbeya. Mashine ile ile, mpira ule ule, majina mapya. Basi mteja anatabasamu.

Kazi yangu ni kuifuta vumbi, kuipaka dawa ya viatu nyeusi ing'ae, kuwasha, na kupiga kelele. Nilikuwa na kipaza sauti pale mlangoni: "Hizi ndizo za mwisho! Kiwanda kimefunga! Zikiisha hizi hamtaziona tena duniani!" Nilisema hivyo kila siku kwa miaka sita. Hakuna aliyeniamini hata mmoja, na mimi mwenyewe sikujiamini. Lilikuwa neno la biashara tu.

Ugomvi wetu ulianzia kwa Vicent, mwanawe. Alikuwa akishinda bandani kwangu akicheza gemu, na matokeo ya kidato cha nne yalipotoka akapata sifuri. Je, mimi ndiye niliyemfanyia mtihani? Mama yake akaja mchana kweupe, banda limejaa, akachomoa nyaya zote ukutani, akanikabili mbele ya wateja wangu.

"Isdori, umemla mwanangu!"

Haya, na hapa Sumbawanga ukiambiwa umemla mtoto wa mtu, hilo si neno la mchezo, umeitwa mchawi. Wateja walitoka kwa kupishana mlangoni. Wiki nzima hakuna mzazi aliyemruhusu mwanawe akanyage kwangu, na wengine walikuwa wakivuka barabara wakiniona. Nilimpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaambiwa afute maneno yake. Akayafuta kwa mdomo.

Tangu siku hiyo akaacha kuitikia salamu yangu. Yeye ni mkubwa kwangu, lazima nimwamkie, nimelelewa hivyo. "Shikamoo, mama." Kimya. Kesho yake tena: "Shikamoo." Anapita kama amepita mbele ya mti. Miaka mitatu! Msidhani ni jambo dogo, mkae miaka mitatu mnaamkia mtu asiyewaitikia, mbele ya watoto wenu, halafu ndiyo mniambie.

Basi mwaka jana mwezi wa pili akaja mteja, jina lake Mayunga, Msukuma mfugaji wa kule bondeni. Alikuwa na gumboti na fimbo, akachukua mashine mbili bila kuuliza bei mara ya pili. Wiki iliyofuata akachukua tatu. Nikamwuliza vijana wa bondeni wamepatwa na nini. Akacheka. "Wanazitaka, baba. Nawe si umesema ni za mwisho?" Hakuomba hata niwashe. Hilo lilipaswa kunishtua, lakini nani anashtuka akiwa anauza? Kila niliyomuuzia niliweka namba tumboni kwa rangi ya kucha ya binti yangu, ndiyo alama yangu ya udhamini. Mpaka mwezi wa nne unaisha nilikuwa nimeandika namba kumi na tisa.

Kumi na tisa kwa miezi mitatu! Miaka yote hiyo nilikuwa nauza mbili kwa mwezi, nikibahatika. Kichwa kikavimba. Nikajiambia bonde zima la Rukwa limeamka, wavulana wanachunga ng'ombe mchana na jioni wanacheza mpira kwa sola. Nikampigia mtu wangu wa Tunduma. Akaniambia amebaki na thelathini, na baada ya hapo hana pa kuzipata.

Katandala tulikuwa na nyumba, mimi na mke wangu Mariana. Tofali za kuchoma, kuta zimefika kwenye linta, bado kuezeka. Mabati tulikuwa tumekwisha kuyanunua, yako ndani tunalala nayo chumba kimoja, na mbao zipo. Tulikuwa tumepanga tuezeke kabla ya mvua, tutoke kwenye nyumba ya kupanga tuliyoingia Rahel akiwa bado hajazaliwa. Niliyauza yote, nikaagiza zile thelathini.

Mariana hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Huyo Mayunga umewahi kufika kwake?"

"Mteja anafuatwa nyumbani kwake? Wewe biashara huijui."

"Mvua ikinyesha kwenye zile kuta, Baba Rahel?"

"Kabla ya mvua nitakuwa nimeuza zote, nitanunua mabati mazuri zaidi ya yale."

Nilimjibu kwa ukali, nakiri. Nilikuwa nimeshajiona mwenye nyumba.

Mashine zikaja mwezi wa tano. Mayunga hakuja. Mwezi wa sita hakuja. Mavuno yakapita, watu wana hela mfukoni, hakuja. Nikauza moja tu Agosti. Nilipomkuta mnadani mwezi wa tisa akiwa na ng'ombe wanne wazuri, nikamwuliza kulikoni.

"Aliyenituma ametosheka, baba," akasema, akaniaga.

Aliyenituma! Nikarudi nyumbani na neno hilo tumboni, na bado sikuelewa. Mimi mjinga wa kutupwa.

Desemba mvua zikaanza. Jumamosi moja Mama Vicent alikuwa amekwenda Kaengesa kwa binti yake Herieth, mjukuu wake anapata kipaimara. Vicent siku hizi ni kijana wa bodaboda, ana adabu zake. Akaona mama anazeeka, mgongo unamsumbua, akakusanya wenzake wanne wamshtukize: wabomoe ntumba zote kabla hajarudi. Nilikuwa nalehemu redio niliposikia jembe limegonga kitu, kisha vicheko, kisha Vicent akaniita. "Baba Rahel! Njoo uone!"

Katika ntumba ya kwanza kulikuwa na mfuko wa mbolea, ule wenye nailoni ndani, umefungwa kwa kamba mara tatu. Ndani ya mfuko kulikuwa na PS2. Nikaigeuza. Tumboni, kwa rangi ya kucha ya binti yangu: 7.

Tulitoa kumi na tisa. Yule mama hakutaka bati na plastiki viguse udongo wa ulezi wake, basi kila moja aliifunga kama mtu anayeficha mbegu. Tone la maji halikuingia. Vicent akasema, "Tuijaribu." Tukaingia bandani, nikachomeka waya. Sijawahi kuomba hivyo maishani mwangu. Nilikuwa na ishirini na tisa zimepangwa ukutani, na kumi na tisa za bure zimelala shambani. Nikaomba iwe imekufa.

Taa ikawaka nyekundu. Nikabonyeza. Ikawa kijani.

Vijana walipiga kelele ikasikika mpaka barabarani. Nani angewazuia? Si zangu, nilikwisha kuziuza. Mwenyewe hayupo. Kila mmoja akabeba zake, wakaja wengine na wengine, wakafukua hata ntumba zisizo na kitu, wakakanyaga shamba zima. Mpaka Jumatatu kila mtaa wa Kizwite ulikuwa na mashine ya bure. Akaja mama mmoja kuniuliza bei. Nilipomtajia akaniangalia kama mwizi. "Mbona kwa jirani wamepewa?"

Mama Vicent alirudi Jumatatu hiyo hiyo. Alishuka kwenye bodaboda na begi lake, akasimama kwenye ukingo wa shamba. Nikamfuata pale pale. Sikumwamkia.

"Ulikuwa unanifanya nini wewe mama?"

"Nilikuwa nazimaliza." Hakuniangalia. "Si ulikuwa unatangaza kila siku? Za mwisho, kiwanda kimefunga. Nikasema nikizinunua zote mtoto wa mwenzangu atapona. Nimetoa ng'ombe wanne wa mahari ya Herieth. Mayunga alikuwa anachukua ng'ombe, ananiletea mashine."

"Ni maneno ya biashara yale! Nani mwenye akili anayaamini?"

"Mimi niliyaamini."

"Umeniponza! Nimeuza mabati yangu kwa sababu yako! Nimeagiza thelathini!"

Hapo ndipo aliponigeukia. "Thelathini?"

"Thelathini!"

"Kumbe nilipokuwa nafukia wewe ulikuwa unaagiza." Akatazama udongo wake mweusi uliovurugwa, umechanganyika na vipande vya nailoni. "Mshenzi wewe, Isdori."

"Na wewe mchawi."

Tuliyoambiana baada ya hapo sitayarudia. Vicent alisimama katikati yetu akilia, kijana mzima, akisema, "Mimi nilitaka kumsaidia mama tu."

Msimu huo hakupanda ulezi. Mvua ya Januari ikanikuta sina bati hata moja. Katandala ukuta wa upande wa barabara ulianguka usiku mmoja, na wa pili ukafuata baada ya siku nne. Mariana alikwenda kuokota tofali nzima nzima, akazipanga. Ningefurahi kama angenitukana. Banda nimelifunga. Mashine ishirini na tisa ziko chumbani, pale pale mabati yalipokuwa, tunalala nazo.

Juzi nilipita shambani kwa Mama Vicent nikitoka Katandala, miguu ina matope mpaka magotini. Alikuwa ameinama anajenga ntumba upya, peke yake. Mdomo ukanitoka kwa mazoea tu.

"Shikamoo, mama."

Akanyoosha mgongo, akaniangalia viatu, akaniangalia suruali, akaniangalia usoni taratibu, kama mtu anayemtazama mfiwa.

"Marahaba, Isdori," akasema, akarudi kwenye jembe lake.

Miaka yote ya ugomvi wetu, sikuwahi kutukanwa vile.