Majina Yasiyo na Msalaba

Kutoka Kasongo mpaka Mpofi nilitumia karibu wiki tatu. Lori mpaka Bukavu, mtumbwi mpaka Bweremana, lori nyingine iliyojaa vitunguu mpaka Sake, halafu miguu: kupanda milima ya Masisi na baridi yake, kisha kushuka katika msitu wa Walikale ambamo jua huonekana kwa vipande. Miaka ya hamsini ilikuwa inaanza. Nilikuwa na cheti cha sekondari na miguu isiyotulia, na misheni ilinituma kufundisha. Nilidhani nitakaa mwaka mmoja.

Katekista ndiye aliyeniingiza katika chama cha siri cha kuandika majina ya waliozikwa zamani. Tulikuwa wanne: yeye, muuguzi wa dispensari, mzee aliyelinda msitu wa makaburi ya wakubwa wa vilima, na mimi mwenye mwandiko mzuri. Jumapili baada ya misa tulikaa jikoni kwa katekista, mzee akisema, mimi nikiandika katika daftari la shule: nani alizaa nani, nani alifyeka shamba lipi kwanza. Mlango ulifungwa ingawa ni mchana. Kukutana bila ruhusa kulitosha kumpeleka mtu gerezani, na mapadri walisema makaburi yale ni ya shetani. Mtu akikohoa njiani, kalamu yangu ilisimama.

Hata hivyo tuliharakisha. Ng'ambo ya mto, msitu mwingine wa makaburi ulikuwa umekatwa ili kupanda kahawa, na hakubaki mtu anayejua nani alizikwa pale. Kwa hiyo tulikuwa na kanuni moja: mzungu asionyeshwe makaburi yalipo.

Nilizoea desturi ya madaftari ya misheni, ya kuweka msalaba mdogo kando ya jina la marehemu. Mzee alinishika mkono.

"Mwalimu, ile ni nini unaweka?"

"Msalaba, Papa. Unaonyesha kwamba mtu alikufa."

"Bale balikufa mbele musalaba haiyafika huku. Unataka kubabatiza kwa nguvu? Toa!"

Muuguzi alicheka. "Mwalimu, hata Padri hana mbio kama weye."

Nikafuta misalaba yote. Yakabaki majina thelathini na moja ya wanaume, kila moja na kilima alikoishi. Mzee akataja jina moja zaidi, nikaliandika bila kuuliza.

Miezi michache baadaye ajenti wa serikali, mzungu, alikuja kukagua watu wa kazi ya barabara. Aliingia darasani, akachukua daftari mezani akidhani ni la mahudhurio. Ujinga ulikuwa wangu. Nilikuwa nimelisahau pale. Alilinganisha na orodha yake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na buku ya kodi, kijitabu cha kila mlipakodi.

"Watu hii iko wapi?"

"Walikufa, Bwana."

"Wote? Msalaba iko wapi?"

Kwake walikuwa wanaume thelathini na wawili waliofichwa msituni, na aliyewaficha hakuweza kuwa mwingine ila mzee, aliyejulikana kuwa mlinzi wa msitu. Askari walimfunga mzee kamba. Asipowatoa kufikia kesho yake, atapelekwa uhamishoni mbali, na kwa umri ule sote tulijua hatafika. 

Asubuhi katekista alinisubiri mlangoni pa shule. "Hatasema, kaka. Weye njo unajua njia ya makaburi, alikupeleka."

Kweli, alinipeleka mara moja. Nilikwenda kwa ajenti, nikasema nitamwonyesha walipozikwa.

Tulipanda, askari nyuma yangu, mzee katikati na kamba yake. Sikuthubutu kumtazama. Juu, kila kaburi lilikuwa na mti wake uliopandwa siku ya maziko, mingine minene kuliko nyumba yangu. Ajenti aliamuru askari wachimbe pa kwanza. Mifupa ikatokea upesi. Kisha akahesabu miti kwa kidole, akarudia tena.

"Thelathini na moja. Mmoja iko wapi?"

 Nilipitisha macho kwenye majina katika daftari alilolishika, sikuelewa. Ndipo mzee akafungua kinywa, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Ule wa mwisho njo miye. Ni jina ya baba yangu alinipa. Kwa buku yako ya kodi niko na ile ya Padri." Akatikisa kamba. "Umesha kunikamata, Bwana. Unatafuta nini tena?"

Askari mmoja alicheka, akameza kicheko. Ajenti aliangalia buku ya mzee, akalitupa daftari miguuni pangu, akaamuru afunguliwe.

Siku ile mzee alinipita bila salamu. Barabara ilipofika, watu wa mbao walifika nayo, na ajenti aliwaonyesha njia ya kilimani. Nilipopanda kutazama, kila mti ulikuwa na alama nyekundu ya rangi, ya kukatwa. Nikashuka nikikimbia, nikaomba ruhusa ya kuondoka.

Siku ya kuondoka nilimpelekea mzee daftari. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake akichonga mpini wa jembe. Hakulipokea.

"Jina yangu, ile ya mwisho. Iko bado?"

"Iko, Papa."

"Futa. Pale hawatanizika tena."

Nililifuta mbele ya macho yake, nikisugua hata karatasi ikatoboka. Lori ya Sake ilikuwa inapiga honi barabarani.