Nilimsainia shemeji fomu, sasa nesi wa watoto njiti anabeba lawama

Admin, nifiche jina tafadhali, huku Kalangalala tunajuana wote.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 41, afisa ugavi wa hospitali moja mkoani Geita. Naandika nikiwa nimekaa tu. Sina machozi, sina hasira, nina ganzi. Mke wangu akiniuliza nitakula nini, namjibu chochote.

Mwaka jana tulitafuta wahandisi wa kusanifu mfumo mpya wa hewa, chumba cha upasuaji kipozwe na chumba cha watoto njiti kipashwe joto. Sharti lilikuwa kila mwombaji aje akague majengo kwa macho yake, ndipo mimi nimsainie fomu kwamba kafika. Wawili walikuja. Mmoja, dada wa kutoka Mwanza, alipima kila chumba mpaka manesi wakamchoka. Wa tatu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Injinia kweli, simsingizii. Ila siku ile alikuwa Rwamgasa, ana hisa kwenye shimo la dhahabu kule. Akapiga simu: "Shem, duara limeanza kutema dhahabu, nikiondoka leo wenzangu watanizunguka. Si una michoro ya majengo? Nitumie, we saini tu."

Nikamtumia michoro, nikasaini. Shemeji ni shemeji bwana, halafu nilijiona mjanja. Akapata kazi.

Kumbe michoro ile ni ya zamani, kabla hatujabadilisha vyumba. Chumba wanacholala njiti siku hizi, mle kimeandikwa stoo ya dawa, basi akakipangia baridi. Joto akalipeleka chumba cha njiti cha zamani, ambacho sasa kimejaa mafaili. Mafundi wakafunga kama mchoro ulivyosema. Mama Kulwa, nesi wa njiti, alilalamika mara tatu. Akajibiwa mfumo ni mpya, asiuguse. Akawa anawafunika watoto vitenge na kuwalaza vifuani mwa mama zao.

Wiki mbili zilizopita kichanga kimoja kikafariki kwenye zamu yake, joto la mwili limeshuka. Daktari anasema njiti hufa kwa mengi. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Mama Kulwa ameitwa kamati ya nidhamu Jumatatu, eti alimwacha mtoto wazi.

Nikamweleza mke wangu ukweli. Akasema, "Ukifungua mdomo umemzika kaka yangu, na kazi huna. Hawa watoto utawasomesha na nini?" Shemeji naye kaniambia nesi atapewa onyo tu, mambo yatapoa.

Ijumaa Mama Kulwa akaja ofisini kwangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akavuta kiti.

"Mwanangu, wewe unajua barua za kiofisi. Niandikie ya kuomba radhi. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, labda watanihurumia."

Nikamuuliza, "Radhi ya kosa gani, mama?"

"Andika tu nilizembea. Nimechoka kubishana. Mtoto wa watu kafia mikononi mwangu, na mimi ndiye nesi."

Jamani, niliichapa. Niliandika "ninakiri kwamba nilizembea". Nikamsahihishia hata nukta. Akasaini pale nilipomwonesha, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu, huna roho mbaya kama wengine." Akaniachia barua nimfikishie mganga mfawidhi Jumatatu kabla ya kikao.

Sasa ninayo hapa mezani. Matusi yawekeni akiba, nimeshajitukana sana na hayaniumi. Kinachonitisha ni kwamba naona kabisa nitaamka, nitavaa shati, nitaipeleka, halafu nitakunywa chai. Nyie ambao bado mnahisi kitu, niambieni: nipeleke barua ya huyu mama, au niende kwenye kikao nikasema fomu niliisaini mimi? Nijibuni leo, kesho ndiyo Jumatatu.