Masikio Yangu Yalivyopanda Ndege

Nina masikio mepesi. Si ugonjwa, daktari wa Lindi aliyachungulia akasema ni mazima kuliko akili yangu. Lakini kinu cha jirani kikianza kutwanga, mimi huhama baraza, na harusini hukaa mbali na ngoma kiasi kwamba pilau hunifikia imepoa. Mke wangu husema masikio haya hayapendi kelele wala kazi. Hata hivyo ndiyo yaliyotulisha, maana enzi za Mwingereza nilikuwa mkalimani wa mahakama Kilwa, natafsiri Kimatumbi kwa Kiingereza.

Mwaka ule rufaa ya Bi Somoe ilipangwa kusikilizwa Dar es Salaam. Alikuwa mjane, mkulima wa Mitole, na tajiri mmoja wa mkonge alidai mikorosho ya bibi huyo imo ndani ya mpaka wake. Akishindwa, angehama na wajukuu wanne. Masika yalikuwa yameikata barabara ya Rufiji, na jaji hangoji matope yakauke. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya yetu, akaamua twende kwa ndege kutoka Lindi.

"Una bahati sana," akaniambia. Yeye mwenyewe alikuwa akisafiri kwa meli sikuzote.

Lindi, asubuhi. Mbuzi walifukuzwa uwanjani, ndege ikatua. Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe, nikatoa pamba yangu nikaishindilia masikioni mpaka ikachungulia nje. Bi Somoe aliponiona, akajifunika kanga usoni akaanza kulia kwa sauti, jinsi bibi anavyomtania mjukuu.

"Mume wangu kafa jamani. Kavikwa nyeupe, katiwa pamba. Nani atamswalia?"

Mhindi mwenye duka, abiria mwenzetu, akampa pole.

"Bibi, hii ni kinga ya kelele," nikasema.

"Pamba masikioni ni ya maiti. Mie nikishuka kilimani na mzigo masikio huziba, natafuna, yanazibuka. Shika tambuu."

Nikakataa. Mtumishi wa Serikali hawezi kupanda ndege na mdomo mwekundu.

Juu ya Rufiji. Kuzuia kelele ile kwa pamba ni kuzuia mafuriko kwa ungo. Injini zilinguruma hadi meno yakacheza. Bi Somoe alitafuna, akatazama maji yaliyomeza barabara, akasema jambo nisilolisikia. Ndege ilipoanza kushuka, maumivu makali yakaniingia masikioni, kisha pakawa kimya. Nilifurahi, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nikikiomba miaka yote.

Dar es Salaam, mahakamani, alasiri ileile. Pamba niliitoa nikaitupa sakafuni, lakini ukimya haukutoka nayo. Nilipaswa kusema. Sikusema, kwa kuwa niliona haya. Jaji akachezesha midomo. Nikakisia anauliza nani alipanda mikorosho, nikamuuliza Bi Somoe. Akajibu kwa kirefu, akionyesha chini kwa kidole mara tatu.

"Anasema udongo wa pale ni mzuri," nikamwambia jaji.

Jaji akaandika. Wakili wa yule tajiri akatabasamu. Bi Somoe akaitazama kalamu ya jaji iliyosimama mapema mno, kisha akanitazama mimi, na nikaona anaogopa. Bibi yule hakuogopa ndege, alikuwa akiniogopa mimi.

"Mheshimiwa, sisikii," nikakiri. "Jibu lile nimelitunga."

Uso wa jaji ukaiva. Bi Somoe hakungoja tafsiri; alifungua pindo la kanga akaninyooshea tambuu. Nikaitafuna mbele ya Serikali nzima, nikameza, nikapiga miayo. Sikio la kulia likafanya tap, la kushoto likafuata. Feni, karatasi, kunguru wa dirishani, vyote vikanirudia kwa mkupuo. Jaji akafuta udongo wangu mzuri, akauliza upya.

Bi Somoe akarudia polepole, kwa Kimatumbi chake, nami nikatafsiri neno kwa neno: "Aliipanda baba yangu. Yupo palepale, amelala katikati yake, na kaburi tumelizungushia mawe. Mtu hazikwi katika shamba la mwenzake."

Wakili akakusanya karatasi zake. Siku ya pili jaji akatamka kwamba shamba ni la Bi Somoe.

Tulirudi kwa ndege ileile. Nilitafuna toka Dar es Salaam hadi Lindi, kanzu ikapata madoa. Injini zilinikera kama mwanzo, ila safari hii nilisikia kila alichosema bibi, na alisema mengi.

Mitole, siku ya tatu. Alinipeleka kwenye kaburi la baba yake, tukaomba dua. Nikamwambia nimejifunza kuwa masikio ya mkalimani si mali yake peke yake. Akaitikia, akafungua pindo la kanga. Nilidhani ni tambuu. Ilikuwa pamba yangu, aliyoiokota sakafuni mahakamani.

"Naitunza, mume wangu," akasema. "Siku yako ikifika nitakuletea. Kabla ya hapo, sikia."